Mlima Meru, siku ya pili: kutoka Miriakamba hadi Saddle

Msafiri wa Tengeru

Wakuu, salaam. Kiangazi kinapokaribia, watu wa Arusha na Moshi huanza kuulizana habari za kupanda Mlima Meru, na karibu maswali yote huelekea kwenye usiku wa kilele: baridi ikoje, ukingo mwembamba wa baada ya Rhino Point, njiani kuelekea kilele, unatisha kiasi gani, taa ya kichwani idumu kwa saa ngapi. Siku ya kwanza nayo ina wasimulizi wake, kwa kuwa ndiyo yenye twiga, nyati na askari wa hifadhi anayetangulia na bunduki begani. Siku ya pili, ile ya kutoka vibanda vya Miriakamba hadi vibanda vya Saddle, hutajwa kwa maneno machache tu, kwamba ni fupi na kwamba mtafika mchana. Nimeona nifungue uzi kwa ajili ya siku hiyo peke yake, kwa sababu wengi ninaowaona wakigeuzia njiani usiku wa kilele walikwisha kujimaliza mchana uliotangulia.

Nianze na vipimo, maana ndivyo vinavyobeba hoja yangu. Lango la Momella liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, Miriakamba mita 2,514, Saddle mita 3,570, na kilele cha Socialist mita 4,562, ingawa wapo wanaoandika 4,566. Ukitoa hesabu utaona kwamba kati ya kitanda cha usiku wa kwanza na kitanda cha usiku wa pili kuna tofauti ya mita 1,056. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa na wapanda milima wengi ni kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Ratiba ya Meru inauruka ushauri huo kwa siku moja, kisha inamwamsha mtu usiku wa manane na kumtaka apande mita nyingine zinazokaribia 1,000. Hewa ya Saddle ina oksijeni ya asilimia 21 kama hewa ya Tanga, lakini mgandamizo wake ni kama theluthi mbili tu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaleta oksijeni pungufu. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo iwapo utapewa muda, na muda wenyewe ni huo mchana ambao watu huuita mfupi.

Sasa njia yenyewe. Ukitoka Miriakamba unaingia moja kwa moja katika msitu mnene wa mitarakwa na hagenia, wenye nyuzi za rangi ya kijani kijivu zinazoning'inia kwenye matawi kama ndevu za mzee, na karibu mara moja unakutana na ngazi. Ni ngazi za magogo yaliyolazwa kukinga udongo, na zipo nyingi sana. Tatizo la ngazi, kwa mtu anayetaka kuhifadhi pumzi, ni kwamba hazikuachii nafasi ya kuchagua urefu wa hatua yako. Kwenye njia ya kawaida ukichoka unafupisha hatua, lakini hapa gogo limekwisha kuamua ni kiasi gani utainua goti lako, na mtu mfupi hulipa zaidi kuliko mrefu. Dawa yake ni kupunguza idadi ya hatua kwa dakika badala ya kupunguza urefu: panda gogo moja, nyoosha goti la nyuma likaze ili mifupa ibebe uzito na msuli upumzike, vuta pumzi nzima, ndipo uendelee. Ukiona huwezi kumaliza sentensi ya kawaida bila kukatisha, mwendo wako umezidi, hata kama miguu inakuambia inaweza.

Katikati ya njia kuna Topela Mbogo, ambapo makundi mengi hukaa chini na kunywa maji. Juu ya hapo mnapanda hadi Mgongo wa Tembo, na miti mirefu huanza kuwaachia nafasi erika na vichaka vya kimo cha mtu. Jua hapo huwa kali kwa namna isiyohisika, kwa sababu upepo ni wa baridi, na nimeona watu wakifika Saddle na shingo zilizobabuka huku wamevaa sweta. Kutoka Mgongo wa Tembo hadi vibandani hakubaki mbali, lakini ndipo watu huongeza mwendo kwa kuwa wameambiwa wamekaribia, na ndipo kichwa huanza kugonga.

Kwa jumla ni kati ya saa tatu na saa tano za kutembea. Mkiondoka Miriakamba saa mbili au saa tatu asubuhi mtafika wakati wa chakula cha mchana. Ushauri wangu ni kwamba mle, mpumzike bila kulala usingizi, kisha alasiri mpande Meru Ndogo, yenye mita 3,820, ambayo iko karibu kiasi kwamba kwenda na kurudi hakuzidi saa mbili kwa mwendo wa taratibu. Mshuke kabla giza halijaingia, mle tena, na saa moja jioni muwe mmelala, kwa kuwa mtaamshwa saa saba au saa nane usiku. Karibuni kwa maoni.

Kijana wa Himo

Mkuu Msafiri, asante kwa uzi wenye hesabu. Nakubaliana nawe karibu kila mahali isipokuwa hapo kwenye Meru Ndogo. Mimi nilikaa Saddle mchana kutwa, nikala, nikalala, na kilele nikakifikia. Wawili katika kundi letu waliokwenda Meru Ndogo walirudi wamechoka, na mmoja aligeuza karibu na Cobra Point, kwenye njia ya kilele. Mita 250 za ziada mchana ni mita 250 ambazo miguu itazidai usiku. Kwa nini mtu atumie nguvu kwenye kilima cha pembeni ilhali kilele chenyewe kinamsubiri?

Nina jambo jingine la kulinganisha. Kwetu, njia ya Marangu ya Kilimanjaro ina siku inayofanana na hii: kutoka Mandara, mita 2,720, hadi Horombo, mita 3,720. Tofauti ni mita 1,000, na umbali wake ni wa karibu kilomita 11 za kupanda polepole. Meru inapandisha mita zaidi ya hizo katika karibu nusu ya umbali huo. Kwa hiyo anayesema Meru ni mlima wa mazoezi kabla ya Kilimanjaro aangalie hiyo hesabu kwanza.

Msafiri wa Tengeru

Kijana wa Himo, huo mfano wa Horombo ni mzuri, na una sehemu ya pili inayonisaidia mimi. Wengi wanaopanda Marangu kwa siku sita hulala Horombo usiku wa ziada, na siku hiyo ya katikati hupandishwa hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000, kisha hurudi kulala palepale. Waongozaji hawakubuni hilo ili kuwachosha wageni. Kanuni ya kupanda juu na kulala chini imejaribiwa na watu wengi kwa muda mrefu, na Meru Ndogo ndiyo nafasi pekee ambayo Meru inakupa ya kuitumia.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba kila mtu apande. Aliyefika Saddle na kichwa kinamuuma, au asiyetamani chakula, akae chini. Na aliyefika saa kumi jioni kwa sababu kundi lilichelewa, naye aache. Chakula na usingizi vitamfaa zaidi.

Muuguzi wa Zamu

Habari zenu wote. Nafanya kazi ya uuguzi hapa Arusha na hupanda milima kila nipatapo likizo, kwa hiyo naomba niongeze upande wa afya, ambao naona umeguswa juujuu.

Kwanza, kuhusu mabishano ya Meru Ndogo. Kukaa nusu saa kwenye mita 3,820 hakubadilishi damu ya mtu. Mabadiliko makubwa ya mwili kuhusu mwinuko huchukua siku kadhaa. Faida ninayoiona mimi ni ya aina nyingine. Mtu aliyelala usingizi mchana Saddle hupumua kwa uchache kuliko aliye macho, na oksijeni katika damu yake hushuka wakati ambao mwili ulipaswa kuwa unajifunza kupumua zaidi. Wengi huamka saa kumi jioni na kichwa kizito, kisha usiku hawapati usingizi kwa sababu wamekwisha kulala. Anayetembea taratibu kwa saa moja au mbili hupumua vizuri, hupata njaa, na hulala mapema. Kwa hiyo asiyetaka Meru Ndogo azunguke tu hapo vibandani, apige picha, aongee na watu, ilimradi asijifunike blanketi mchana.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu: dalili za ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hujitokeza saa sita hadi saa kumi na mbili baada ya kufika kwenye mwinuko mpya. Hesabuni wenyewe. Aliyefika Saddle saa saba mchana anaweza kuanza kuumwa wakati wowote kuanzia saa moja jioni hadi saa saba usiku, yaani ule ule wakati wa kuamshwa. Ndiyo maana mtu anayecheka na kunywa chai saa tisa alasiri anaweza kuamka na kichefuchefu akidhani amekula kitu kibaya. Msijipime kwa hali ya wakati wa chai. Jipimeni mnapoamshwa, kabla hamjavaa viatu.

Kichwa kuuma peke yake, kukiisha kwa paracetamol na maji, si sababu ya kukata safari. Kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu ni ugonjwa wa mwinuko, na mwenye nao asipande hata hatua moja zaidi mpaka dalili ziondoke. Akianza kupepesuka, akashindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino mbele ya kidole, au akawa anaongea mambo yasiyoeleweka, huyo ashushwe wakati huohuo, usiku usiku. Vivyo hivyo kwa anayehema akiwa amekaa tu, au anayekohoa kifua kikiwa na sauti ya maji. Uzuri wa Meru ni kwamba ukishuka kutoka Saddle hadi Miriakamba umepunguza zaidi ya mita 1,000, na mara nyingi mgonjwa hubadilika kabisa.

Njiro kwa Miguu

Dada Muuguzi, na vile vidonge vya Diamox vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ambavyo kila mtu huvitaja? Rafiki yangu alipewa na mtu waliyelala naye kibanda kimoja, akameza usiku wa kilele, na ikawa kazi ya kutafuta kichaka kila baada ya nusu saa.

Muuguzi wa Zamu

Njiro kwa Miguu, kilichompata ni tabia ya kawaida ya dawa hiyo, kwa kuwa huongeza mkojo. Wengine huhisi vidole vikichomachoma, na soda hupoteza ladha mdomoni. Dawa yenyewe ni acetazolamide, na kwa kinga watu wazima wengi huandikiwa miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inasaidia mwili kupumua zaidi, hasa usingizini. Kumeza kidonge cha jirani saa saba usiku hakuna maana kama kinga. Mtu amwone daktari wiki moja au mbili kabla ya safari, aeleze kama aliwahi kupata mzio mkali wa dawa za salfa, na kama ataandikiwa, aijaribu akiwa bado nyumbani ili ajue inamfanyaje.

Kuhusu maji, kunyweni mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu, na hapo panatosha. Wapo wanaojilazimisha lita sita kwa siku kwa kuamini kwamba maji yanazuia ugonjwa wa mwinuko. Hayauzuii, yanazuia upungufu wa maji, ambao nao huumiza kichwa na kumchanganya mtu asijue anaumwa nini.

Bibi Mwalimu

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, naishi Moshi, na mjukuu wangu amenishawishi twende Meru mwezi wa saba. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto habari za mlima huu nikiwa ubaoni, kwamba takribani miaka 8,000 iliyopita upande wake wa mashariki uliporomoka, kwamba tope na mawe vilivyoshuka ndivyo vilivyoacha vilima na maziwa ya Momella, na kwamba mara ya mwisho kulipuka ilikuwa mwaka 1910. Nilitaka kujua mambo mawili. Je, katika siku hii ya pili mtu anaiona kreta, yaani lile shimo la volkano, au mpaka afike kileleni? La pili ni magoti yangu na idadi ya siku. Kila ninayemuuliza ananiambia nichukue siku nne badala ya tatu ili nizoee mwinuko. Je, ni kweli?

Msafiri wa Tengeru

Shikamoo Mwalimu. Kreta utaiona siku ya pili, kama mawingu hayakuizuia. Pale Mgongo wa Tembo unatazama ndani ya lile bonde, unaona ukuta wa mlima ukiwa umesimama wima kwa zaidi ya mita 1,000, na chini yake ile koni ya majivu yenye kilele cha mita 3,667. Mtu aliyefundisha habari hizo kwa miaka mingi apange kukaa hapo nusu saa nzima; mjukuu atangulie kama ana haraka. Mawingu hujikusanya kadiri asubuhi inavyokwenda, kwa hiyo hiyo ni sababu nyingine ya kuondoka Miriakamba mapema. Mashariki, siku ikiwa safi, utaiona Kilimanjaro, umbali wa kilomita zipatazo 70.

Sasa kuhusu siku nne, naomba unisikilize kwa makini kwa sababu hapa watu wengi hulipa bila kujua wananunua nini. Katika ratiba ya kawaida, safari ya siku tatu na safari ya siku nne zinapanda sawasawa kabisa: usiku wa kwanza Miriakamba, usiku wa pili Saddle, kisha kilele. Tofauti iko kwenye kushuka. Wa siku tatu hutoka kileleni na kuteremka siku hiyohiyo mpaka Momella, ambayo ni tofauti ya mita zinazozidi 3,000, na zile ngazi za msituni huzikuta tena magoti yakiwa yamekwisha kuchoka. Wa siku nne huteremka hadi Miriakamba, akalala, akamalizia kesho yake. Kwa hiyo usiku huo wa ziada unayasaidia magoti yako sana, wala hauyasaidii mapafu yako hata kidogo, kwa kuwa kilele kimekwisha kupita. Kwako wewe, Mwalimu, ningechukua siku nne bila kusita, lakini nikijua ni kwa ajili ya magoti.

Anayetaka siku ya nne imsaidie kuzoea mwinuko amweleze anayemwandalia safari, mapema, kwamba anataka usiku wa ziada uwe upande wa kupandia, iwe Miriakamba au Saddle. Ni ombi ambalo halimo kwenye ratiba zilizochapishwa, na likisemwa langoni siku ya safari huwa limechelewa, kwa sababu vitanda, chakula na askari vimekwisha kupangwa.

Bibi Mwalimu

Marahaba mwanangu. Umenieleza vizuri kuliko waliotaka kuniuzia. Nitachukua siku nne. Na huyu askari, je, ataningoja? Sitaki kundi zima linichukie.

Mgumu wa Ngarenanyuki

Shikamoo Bibi, na wengine nawasalimu. Mimi ni mpagazi, na mlima huu ndio unaoniletea mkate, kwa hiyo swali la askari naomba nilijibu mimi.

Askari haruhusiwi kumwacha mtu nyuma. Nyati wapo hata juu ya Miriakamba, na wakati mwingine tembo hupita katika njia hiyohiyo ya ngazi, hivyo kundi hutembea pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Shida hutokea pale askari mmoja anapopewa watu wasiofahamiana, vijana wanne wenye haraka na mama mmoja anayepumua taratibu. Vijana humfuata askari kwa karibu, yeye huongeza mwendo bila kujua, na mama hubaki mwisho. Kila kundi likisimama kumsubiri, wao wanapumzika, na akifika tu wanaondoka. Mama huyo hapumziki tangu asubuhi hadi mchana, na ndiye aliyehitaji zaidi. Kwa hiyo Bibi, asubuhi ile ya pili, kabla hamjaondoka, mwendee askari umwambie kwa upole kwamba wewe utatembea nyuma yake moja kwa moja. Askari wengi ni watu waelewa na watafuata mwendo wako. Hao vijana watanung'unika mpaka Topela Mbogo, halafu watanyamaza, kwa sababu nao watakuwa wanahema.

Jambo la pili ni mzigo. Kiwango cha mpagazi kinachofahamika kwenye milima yetu ni kilo 20, na ngazi zile anazipanda yeye pia. Siku ya pili ndiyo tunayoisikia zaidi, kwa sababu chakula bado ni kingi. Wageni wengine huacha begi lao dogo likiwa tupu wakaweka kila kitu kwenye begi kubwa, kisha mvua ikinyesha Mgongo wa Tembo koti liko kwa mpagazi ambaye amekwisha kufika Saddle. Beba mwenyewe koti la mvua, sweta, kofia, maji ya kutosha tangu Miriakamba, na kitu cha kutafuna. Chakula kisifungwe kwenye mifuko ya plastiki, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

La tatu, msione wapagazi wakiwapita mkadhani huo ndio mwendo. Sisi huwapita ili mkifika mkute maji ya moto, chai, bisi na karanga, na wengi wetu tumelala kwenye mwinuko huo mara nyingi kiasi kwamba miili imekwisha kuzoea. Kijana wa mjini akijaribu kushindana na mpagazi kwenye ngazi zile, jioni tunamwona anakataa supu.

Kijana wa Himo

Mgumu, heshima yako. Hilo la kumweka anayetembea taratibu nyuma ya askari sikuwahi kulisikia likisemwa wazi, na ningependa kila kundi lielezwe hivyo langoni. Bado sijashawishika na Meru Ndogo, ila maelezo ya Muuguzi kuhusu kutolala mchana nimeyapokea.

Swali langu la mwisho: nina mpango wa kwenda Kilimanjaro mwaka huuhuu. Nikipanda Meru mwezi wa saba na Kilimanjaro mwezi wa kumi, kuna faida?

Muuguzi wa Zamu

Faida ya mwili kuzoea mwinuko huanza kupotea mara tu unaporudi mjini, na baada ya wiki mbili hivi unahesabika kuwa mgeni tena. Kwa hiyo Meru ya Julai haitakupa damu ya kupandia Kilimanjaro ya Oktoba. Itakupa ujuzi wa jinsi mwili wako unavyofanya ukilala mita 3,570: unaumwa kichwa au la, unakula au unakataa chakula, unalala au unakesha. Hilo utaondoka nalo, na litakusaidia kuchagua ratiba ndefu au fupi ya Kilimanjaro. Anayetaka faida ya mwili aunganishe milima hiyo miwili kwa siku chache tu katikati.

Njiro kwa Miguu

Nami niongeze neno kuhusu mvua, kwa sababu wapo wanaopanda Machi hadi Mei kwa kuwa vibanda huwa havina watu. Ngazi za magogo zikilowa huteleza kuliko udongo wenyewe, hasa kwenye kona zenye kivuli ambako kuvu limeota juu ya mti. Wakati wa kupanda si shida kubwa. Wakati wa kushuka nimeona watu wakiteremka kwa makalio. Kanyageni udongo ulio nyuma ya gogo, msikanyage gogo lenyewe, na fimbo ziwe mbili. Wenye fimbo zinazorefushwa wazifupishe kidogo wakati wa kupanda ngazi na kuzirefusha wakati wa kushuka.

Bibi Mwalimu

Nimeandika yote kwenye daftari. Mgumu mwanangu, nikuulize la mwisho: nguo za kulalia huko Saddle ni za namna gani? Mjukuu anasema begi la kulalia linatosha.

Mgumu wa Ngarenanyuki

Bibi, begi la kulalia liwe zito, na ndani yake vaa nguo kavu ambazo hukutembea nazo. Ukifika tu Saddle, kabla hata ya kunywa chai, badilisha fulana iliyolowa jasho, kwa maana upepo wa pale kati ya Meru Ndogo na mlima mkubwa hauishi, na jasho hupoa haraka mno. Jioni mwombe mpishi akujazie chupa ya maji ya moto, ifunge vizuri, uiweke miguuni. Usiku wa kilele maji yake yatakuwa bado vuguvugu na utayanywa njiani. Nguo za kilele, taa, glavu na betri vipange karibu na mto kukiwa bado na mwanga, kwa sababu chumba mtakilalia wengi, na saa nane usiku kila mtu atakuwa anatafuta soksi yake gizani.